Laini mbili si njia mbili: mwongozo kamili wa kuifanya intaneti isikatike Unguja na Pemba

Simu ilinikuta Darajani, saa nne asubuhi, mwezi wa nane, gesti zote za Paje zimejaa wageni. Aliyepiga ni mama mwenye gesti ambaye mimi mwenyewe nilimfungia mtandao miezi miwili nyuma. "Mwanangu, si ulinambia nina laini mbili? Mbona zimekufa zote pamoja?"

Njia nzima najiuliza nimekosea wapi. Ruta nzima, laini ya kwanza ya kampuni hii, ya pili ya kampuni ile, bando zote mbili zina siku. Nilipofika, mlinzi wa kiwanja cha jirani akaninyooshea kidole juu ya minazi. "Mnara ule umezimika tangu usiku. Jenereta limegoma." Kampuni mbili, mnara mmoja. Kampuni za simu hupanga pamoja kwenye mnara kama wapangaji kwenye nyumba ya vyumba, na mimi nilifunga antena zote mbili zikiangalia kule kule. Nilimuuzia yule mama laini mbili na njia moja.

Mwongozo huu ni wa mwenye gesti, duka, kliniki, skuli au ofisi ndogo, na wa fundi kijana asiyetaka kupigiwa simu kama ile.

Hatua ya 1: Ifuate njia mpaka mwisho wake

Nyumba nyingi zina mfereji na kisima, na mwenyewe anajiona amesalimika: mfereji ukikata, kisima kipo. Siku umeme ukizimika ndipo anagundua kwamba pampu ya kisima haizunguki, na maji ya mfereji nayo yalikuwa yakipandishwa tangini na pampu ile ile. Vyanzo viwili, pampu moja.

Chukua karatasi. Anzia kaunta, chora kila kitu ambacho laini ya kwanza inapitia: waya wa ndani, ruta, boksi la faiba au modemu, nguzo au mnara, mjini, mkondo wa bahari, Dar es Salaam, nje ya nchi. Chora laini ya pili pembeni yake. Kisha zungushia duara kila mahali zinapokutana. Kila duara ni hitilafu moja inayoua zote mbili. Usisahau umeme: kama modemu mbili zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, hilo ni duara la kwanza kabisa, na ndilo ninalokutana nalo zaidi ya yote.

Yapo maduara usiyoyaweza. Intaneti yetu visiwani hutegemea nyaya za baharini zinazotua Dar es Salaam, kama SEACOM ya 2009 na EASSy ya 2010. Tarehe 12 Mei 2024 hizo mbili zilipata hitilafu pamoja huko kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikayumba. Hakuna fundi wa Paje wala wa Wete anayeweza kuziunga. Unachoweza ni kumuuliza mtoa huduma kabla ya kusaini: "Mnatoka kwa nyaya zipi? Upande wa kusini ukikatika, mnapitia wapi?" Anayejua kazi yake atakujibu palepale. Anayekujibu "sisi hatukatikagi" mwache aende.

Yale unayoyaweza, yachunguze mwenyewe. Kwa mnara, toka nje uangalie upo upande gani na nani yuko juu yake. Mafundi wanaopanda wanajua, na mlinzi wa mnara anajua zaidi. Kwa laini za waya, tumia kompyuta. Unganisha laini moja tu, fungua dirisha la amri, andika:

tracert -d 8.8.8.8

(Kwenye Linux ni traceroute -n 8.8.8.8.) Amri hii inakuonyesha kila kituo ambacho data inapitia mpaka ifike 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google. Andika pembeni anwani za vituo vitano vya mwanzo. Badilisha laini, rudia. Usihesabu zile za ndani, zinazoanza na 192.168 (hiyo ni modemu yako) au 10, kwani hizo hujirudia popote. Ukiona anwani nyingine ile ile imejitokeza kwenye orodha zote mbili karibu na mwanzo, huenda kampuni yako ya pili inanunua intaneti kwa ile ya kwanza na kukuuzia rejareja. Si dhambi, ni biashara, lakini wewe hujapata njia ya pili.

Hatua ya 2: Amua kipi hakiruhusiwi kulala

Hapa usikae sana. Si kila kitu kinahitaji njia mbili. Risiti za kielektroniki za ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar), mashine ya kadi, buking, simu za ofisi: hivi vikikatika unapoteza pesa saa ile ile. Televisheni ya chumbani na picha za wageni zinaweza kusubiri. Orodha hii fupi ndiyo itakayokuamulia ukubwa wa laini ya akiba. Kwa kaunta na ofisi peke yake, akiba ya megabiti 5 hadi 10 inatosha kabisa hata kama laini kuu ni ya 50.

Hatua ya 3: Chagua laini zinazokufa kwa sababu tofauti

Huu ndio moyo wa kazi. Usitafute laini mbili nzuri. Tafuta laini mbili ambazo maradhi yao hayafanani. Faiba huuliwa na tingatinga linalochimba mtaro wa maji au na nguzo inayoanguka. Laini ya simu huuliwa na mnara kukosa umeme au na msongamano wa sikukuu, pale mji mzima unapotumiana video za Idi. Mara chache sana tingatinga na Idi vitakupata saa moja. Kwa hiyo faiba ya kampuni moja pamoja na 4G ya kampuni nyingine ndiyo ndoa ninayoipendekeza kwa watu tisa katika kumi.

Kama faiba haijafika kwako, iwe Makunduchi au Micheweni, chukua laini mbili za 4G za kampuni tofauti, lakini kila moja ielekezwe kwenye mnara wake. Modemu ya plastiki iliyowekwa dirishani hushika mnara wowote inaoupenda. Antena ya mwelekeo, iliyofungwa kwenye mlingoti juu ya bati, inashika ule unaoiamuru. Fungua ukurasa wa modemu utafute tarakimu inayoitwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayokufikia. Ikiwa −85 au karibu na sifuri zaidi, vizuri sana. Kwenye −100 inavumilika. Ukishuka chini ya −110 usijisumbue, geuza antena au ongeza mlingoti. Yule mama wa Paje tulimaliza tatizo lake kwa mlingoti wa mita nne na kugeuza antena moja upande wa Jambiani. Kasi ilipungua kidogo, na hakulalamika hata siku moja.

Mji Mkongwe una adabu zake. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa nusu mita na zaidi, zinameza mawimbi ya simu kama mchanga unavyomeza maji, kwa hiyo antena lazima iende juu ya paa. Lakini eneo lile limo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na kufunga kitu kinachoonekana kwenye paa au ukuta wa nje kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Omba kwanza. Kuvunja baadaye ni gharama mara mbili.

Setilaiti ni chaguo la tatu. Zile za zamani zinakaa kilomita 36,000 juu, na safari ya kwenda na kurudi hula karibu nusu sekunde hata kama kila kitu kiko sawa. Barua pepe zitapita, maongezi ya simu yatakuwa ya kukatizana kila neno. Na sahani yoyote utakayouziwa, hakikisha kwanza huduma yake ina leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania).

Hatua ya 4: Ruta moja inayoamua

Kosa la kawaida ni kuwa na modemu mbili na Wi-Fi mbili, halafu mtu wa kaunta anaambiwa "hii ikikata, ingia kwenye ile". Huo ni mzigo juu ya kichwa cha mfanyakazi, na saa ya shida kichwa kile kina mgeni amesimama mbele yake. Weka ruta moja yenye milango miwili ya kuingizia intaneti. Mimi natumia MikroTik kwa sababu ni rahisi na vipuri vinapatikana; nyingine nyingi zinafanya kazi hiyo hiyo.

Kabla hujagusa chochote, angalia anwani za modemu zako. Nyingi zinatoka kiwandani na 192.168.1.1. Zikiwa sawa, ukizichomeka zote mbili kwenye ruta moja zitagongana, na utakesha ukitafuta mchawi. Badilisha ya pili iwe 192.168.2.1.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalijui. Ruta ikiachwa ilivyo, inaangalia kama modemu ipo, basi. Faiba ikikatika barabarani, modemu bado inawaka, ruta inaiona hai, na inaendelea kumimina kila kitu kwenye bomba lililozibwa. Inabidi ruta ipige hodi mbali, ng'ambo ya mtoa huduma. Kwenye MikroTik toleo la 7, ikiwa faiba iko ether1 na 4G iko ether2, na ile njia ya kutokea ambayo ruta hujiwekea yenyewe kwa DHCP (mfumo wa kugawa anwani) umeizima, andika hivi:

/ip route
add dst-address=1.1.1.1/32 gateway=192.168.1.1 scope=10
add dst-address=9.9.9.9/32 gateway=192.168.2.1 scope=10
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=1.1.1.1 distance=1 target-scope=11 check-gateway=ping
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=9.9.9.9 distance=2 target-scope=11 check-gateway=ping
/ip firewall nat
add chain=srcnat out-interface=ether1 action=masquerade
add chain=srcnat out-interface=ether2 action=masquerade

Mistari miwili ya mwanzo inaifunga kila anwani ya majaribio kwenye laini yake. Miwili inayofuata inasema: pita faiba maadamu 1.1.1.1 inajibu, ikinyamaza, hamia 4G. Ruta inapiga hodi kila sekunde 10, na hodi mbili zisipojibiwa inahama, kwa hiyo hesabu sekunde 20 hivi za kimya. Angalizo: usizipe kompyuta za ofisi 1.1.1.1 kuwa DNS yao (kitabu cha kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani). Umeifunga kwenye faiba, faiba ikifa nayo inakufa, na watu watakwambia laini ya akiba haifanyi kazi kumbe inafanya. Zipe 8.8.8.8.

Simu iliyokuwa ikiendelea itakatika, usimdanganye mteja. Anwani yako ya nje imebadilika, na upande wa pili hautambui tena kwamba ni wewe. Kurasa za benki zitakutoa, uingie upya. Simu za mezani za intaneti ndizo wakaidi zaidi: hung'ang'ania njia ya zamani mpaka ufute orodha ya miunganiko kwenye ruta au uzizime na kuziwasha.

Halafu kuna bando. Gesti moja ya kaskazini nilifunga kila kitu sawasawa, faiba ikakatika Ijumaa jioni, ruta ikahama kama ilivyofundishwa. Saa moja na nusu baadaye 4G nayo ikafa. Simu za wageni ishirini zilikuwa zikipandisha picha za machweo za siku nzima, kila moja kivyake, na bando la mwezi likaliwa kabla ya isha. Tangu siku ile natenganisha mtandao wa wageni na wa kaunta, na naweka kanuni kwenye fayawoli (mlinzi wa mlango ndani ya ruta) kwamba mtandao wa wageni hauruhusiwi kutoka kwa ether2. Ukiona huruma, waruhusu lakini kwa kasi ndogo sana.

Hatua ya 5: Umeme, duara kubwa kuliko yote

Watu wazima wa Unguja hawahitaji kuhadithiwa. Mwaka 2008 tulikaa giza karibu mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 tukakaa miezi mitatu, kwa sababu kisiwa kizima kilining'inia kwenye waya mmoja wa chini ya bahari. Pemba ikapata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, Unguja ikaongezewa wa pili, wa megawati 100, mwaka 2013. Hata hivyo karibu umeme wote bado unatoka bara, na gridi ya taifa ikianguka, giza linavuka bahari. Ukiacha hayo makubwa, kuna lile dogo la kila siku: Tukuza (mita yetu ya umeme wa kulipia kabla) imeisha uniti usiku na aliyenayo namba ya mita amelala.

Hesabu ni nyepesi. Boksi la faiba, modemu ya 4G, ruta na swichi ndogo, pamoja vinakula kama wati 40. Betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100 ina Wh (wati-saa) 1,200 kwenye karatasi, lakini betri ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Toa kinachopotea kwenye inveta, baki na 500. Gawa kwa 40: saa kumi na mbili. Usiku mzima. Ile UPS ndogo ya kompyuta wanayokuuzia dukani itakupa nusu saa mpaka saa moja, inatosha kukupa muda wa kuwasha jenereta, haitoshi kulala.

Vifaa vingi hivi vinatumia volti 12 vyenyewe, kwa hiyo unaweza kuvilisha moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia kidhibiti volti na ukaiacha inveta kabisa. Usivilishe bila kidhibiti. Betri inapochajiwa hupanda mpaka volti 14 na ushei, na ruta za bei nafuu hazipendi.

Weka betri ya laini moja mbali na ya laini nyingine kama uwezo upo. Kama haupo, angalau fyuzi mbili.

Masika nayo yana lake. Waya wa shaba unaotoka nje kwenda kwenye mlingoti unaleta radi ndani ya nyumba. Funga kizuia radi na uzike fimbo ya arthi. Faiba yenyewe ni kioo, haipitishi. Na chumvi: kiungo chochote cha antena kilichoko pwani ambacho hukukizungushia tepu ya mpira, mwaka ukiisha utakikuta kijani. Mimi nimewahi kukata plagi iliyokuwa imeoza ndani huku nje inang'aa kama mpya.

Hatua ya 6: Kama watu wa nje wanaingia kwako

Yote ya juu ni kwa anayetoka kwenda intaneti. Anayeendesha seva ndani, ya buking, kamera au mafaili ya ofisi, ana kazi nyingine, kwa sababu watu wa nje wanamtafuta kwa anwani, na laini ikihama anwani inahama. Laini ya simu ni ngumu zaidi: kampuni huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje, na mtu wa nje hana mlango wa kukugongea.

Shauri langu la kwanza: usiendeshe hapa. Tovuti na barua pepe viweke kwenye seva ya kukodi mahali penye nyaya nyingi, kisiwani ubaki na kuvitumia tu. Kwa kile kisichoweza kuhama, kama kamera, kodi seva ndogo nje na ufungue VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti) ya WireGuard kutoka kwenye ruta yako kwenda kule, huku PersistentKeepalive, yaani hodi ya kuiweka njia wazi, ikiwa sekunde 25. Ruta ndiyo inayopiga simu, kwa hiyo laini yoyote itakayokuwa hai itaifufua VPN yenyewe, na watu wa nje wanaendelea kukukuta kwenye anwani ile ile ya seva ya kukodi.

Ukitumia DNS kuhamisha jina kutoka anwani moja kwenda nyingine, shusha TTL (muda ambao wengine wanaikumbuka anwani yako) iwe sekunde 300 siku kadhaa kabla. Ukiishusha siku ya msiba, dunia bado imeshikilia ile ya zamani.

Taasisi kubwa, chuo au benki, inaweza kwenda mbali zaidi: kuomba AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, namba yake ya mtandao na kifungu chake cha anwani, kisha kutangaza anwani zile zile kupitia watoa huduma wawili kwa BGP, lugha ambayo mitandao mikubwa hutangaziana njia. Kifungu kidogo kabisa kinachokubalika duniani ni /24, yaani anwani 256. Hiyo ni kazi ya mhandisi wa kuajiriwa. Kwa gesti ya vyumba nane ni kuazima jahazi kwenda kununua samaki ng'ambo ya mto.

Hatua ya 7: Ivunje mwenyewe kabla haijavunjika

Mfumo ambao hujauchomoa waya hujui kama unafanya kazi. Na usichomoe ule waya wa karibu kati ya modemu na ruta, huo ni mtihani wa darasa la kwanza. Chomoa waya wa faiba nyuma ya boksi, taa nyingine zote zikiwa zinawaka. Shika saa. Kisha uzime swichi kuu ya umeme ya nyumba, ungoje saa nzima, uone nani analalamika. Kisha urudishe, uone kama inarejea faiba yenyewe bila kuguswa. Faiba inayokatika na kurudi kila dakika ni mbaya kuliko iliyokufa, kwa sababu ruta inarukaruka nayo. Ikikutokea, izime kwa mkono mpaka mtoa huduma amalize matengenezo.

Kuna ugonjwa mmoja unaoletwa na mfumo mzuri. Kliniki moja ya Wete niliifungia faiba na 4G. Wiki tatu baadaye wananipigia: intaneti imekufa. Kumbe faiba ilikatika siku ya tatu tu baada ya mimi kuondoka. Ruta ilihama kimya kimya, hakuna aliyehisi, hakuna aliyepiga simu kwa mtoa huduma, na wakaishi kwa laini ya akiba mpaka bando likaisha. Kwa hiyo lazima ruta iseme. Tumia Netwatch ya MikroTik kutuma ujumbe wa Telegram au barua pepe laini ikilala, na uende kwa watu wawili, asiwe fundi peke yake.

Laini ya akiba nayo ipewe kazi kidogo kila wiki. Laini ya simu iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na bando lisilotumika huisha siku zake likiwa limejaa.

Kaunta ya yule mama wa Paje sasa ina karatasi iliyobandikwa pembeni ya droo ya pesa: namba za watoa huduma wawili, namba ya mita ya Tukuza, namba yangu, na jedwali la tarehe. Kila Jumatatu baada ya wageni kunywa chai, binti wa kaunta anachomoa faiba, anahesabu kwa saa ya simu yake, anaandika, anarudisha. Mara ya mwisho nilipopita ilikuwa imeandikwa "sek. 22", na chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Betri inanuka. Fundi aje."

Nilikwenda kesho yake. Betri ilikuwa imevimba.